Mshale Usiolala

Mwanangu, iko asubuhi moja ya mwezi wa tatu ambayo nikiikumbuka viganja vyangu vinatoka jasho mpaka leo, halafu papo hapo nashusha pumzi na kusema ahsante Mungu, iliisha vile ilivyoisha. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, fundi wa magari pale Mbeya, kichwa kimejaa sifa za watu. Sogea karibu, sikio langu la kushoto halisikii mtu akiwa mbali. Nataka nikueleze jinsi nilivyoubandika mshale wa geji kwa gundi, na jinsi gundi ile ilivyobakiza kidogo tu imuunguze baba mkwe wangu uso mzima.

Mimi ni mtu wa Kihesa, hapahapa Iringa, Mhehe, lakini kazi nilijifunzia Mbeya kwa mzee mmoja Mnyakyusa aliyeitwa Ambilikile. Gereji yake ilikuwa banda la mabati lenye boriti moja nene, na kwenye boriti ile tulifunga mnyororo wa kushushia injini. Mzee Ambilikile hakuwa mtu wa maneno mengi, ila alikuwa na tabia moja ya kuudhi. Ukimwambia umemaliza kazi, anakuuliza, "Umemaliza nini?" Hapo inabidi umtajie moja moja: nimefungua hiki, nimefunga kile, hiki kilinishinda, kile nimekivunja. Wewe unataka kwenda kunawa mikono, yeye amesimama anangoja orodha. Niliichukia ile tabia, mwanangu. Nilidhani ananidharau.

Nilikuwa nimeoa mwaka uliotangulia. Mke wangu Adelina, bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa binti wa Mzee Gaspari wa hukuhuku Kihesa. Mzee Gaspari alikuwa na lori lake mwenyewe, na siku zile mtu mweusi mwenye lori alikuwa anatazamwa. Watu waliutambua mlio wake likiwa bado linapanda kutoka Ipogolo. Basi alikuja Mbeya na lori hilo, yeye na mama mkwe wangu, kumchukua Adelina. Mimba ilikuwa ya miezi minane, na kwa desturi ya ukoo wao mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa binti. Walipoingia mtaani kwetu lori likapiga kelele ya chuma, likatapika oili barabarani, likafa. Ndani kulikuwa na kitu kimekatika, kikatoboa ubavu wa injini tundu la kupitisha vidole viwili. Injini ile haikuwa ya kutengeneza tena, ilikuwa ya kubadilisha.

Hapa lazima nikueleze habari ya mama mkwe, maana ninyi wa siku hizi mnakula naye meza moja na kupiga naye picha. Katika ukoo wa mke wangu, wakati ule, mkwe wa kiume hakumtazama mama mkwe usoni. Hakuketi naye, hakula naye, wala hakumwambia neno ana kwa ana. Mkikutana njiani mmoja wenu anachepukia majanini. Ukiwa na ujumbe, unapita kwa mke. Akishazaliwa mtoto wa kwanza ndipo mama mkwe mwenyewe anapomsalimia mkwewe, na kuanzia hapo mnazungumza. Mimi mwaka mzima nilikuwa sijui mama yule anafanana na nani. Nilichokijua ni miguu yake tu, kwa sababu nilikuwa nimeinamisha kichwa, na mguu wa kushoto ulikuwa na kovu kubwa la moto.

Sasa pata picha. Nyumba yangu Mbeya ilikuwa vyumba viwili vidogo. Mama mkwe ameingia, basi mimi nimetoka. Nililala gereji juu ya magunia. Nilikula nyuma ya nyumba, nimegeukia ukuta kama mtoto aliyepewa adhabu. Nikitaka shati, nasimama dirishani namwita Adelina kwa kunong'ona, kwenye nyumba yangu mwenyewe ninayoilipia kodi. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Baba mkwe naye kila asubuhi anakuja gereji, anakaa juu ya tairi kuukuu, anauliza ni lini. Nilitaka lori lile liondoke kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote duniani.

Injini ilipatikana Songwe. Kulikuwa na lori limepinduka huko, lililokuwa likibeba chokaa miaka mingi, na injini yake ilikuwa ya aina ileile. Mzee Ambilikile aliikagua akaikubali. Lakini siku hiyohiyo akaitwa Makongolosi, kwenye machimbo ya dhahabu, pampu ya kutolea maji imegoma. Kabla ya kuondoka aliniachia maagizo mawili. La kwanza, nisiinyanyue injini ya zamani kabla sijaifungua geji ya joto. La pili, ile injini ya Songwe niifungue njia zake za maji, nizikwangue zote.

"Maji ya Songwe yana mawe," aliniambia. "Yanapita, lakini mawe yanabaki."

Nikaitika ndiyo mzee, ndiyo mzee, huku macho yangu yako kwa baba mkwe juu ya tairi.

Geji ya joto ya lori lile haikutumia umeme. Mbele ya dereva kuna kisahani chenye mshale. Nyuma ya kisahani linatoka bomba jembamba la shaba, jembamba kama unyasi, linapenya mpaka kwenye injini, na mwishoni lina kirungu kidogo kinachozama ndani ya maji. Mle bombani mna dawa inayotanuka ikipata joto, nayo ndiyo inayousukuma mshale. Bomba likikatika dawa yote imetoka, na geji imekufa. Fundi yeyote wa wakati ule alilijua hilo, na mimi nililijua.

Asubuhi ya kunyanyua injini Adelina aliniletea uji. Akaniambia mama yake anauliza kama mafundi wa Mbeya wote hulala gereji, au ni mimi tu. Alikuwa anatania, lakini mimi nikaona haya, nikaona hasira, nikaweka uji pembeni nikavuta mnyororo. Injini ikapanda. Nikasikia kitu kimesema "tik", sauti ndogo sana, na nilijua ni nini kabla sijainama kutazama. Kirungu kilikuwa bado kimefungwa kwenye injini, bomba limekatika, na kule ndani mshale umeanguka chini kabisa.

Baba mkwe alikuwa hatua tano kutoka pale niliposimama. Ningeweza kumwambia: baba, nimevunja geji. Maneno matatu tu. Lakini nikafikiri, atasema nini? Kwamba kijana aliyempa binti yake hawezi kutoa injini bila kuharibu kitu? Nikanyamaza nikalificha bomba. Na ukishanyamaza mara moja, mwanangu, mara ya pili ni rahisi zaidi. Zile njia za maji nilizotakiwa kuzikwangua, bolti za vifuniko vyake zilikuwa zimeshika kutu. Niligonga mbili, moja ikanichuna vidole, nikaacha. Nikaingiza mpira wa maji upande mmoja, maji yakatokea upande wa pili, nikajiambia njia ni safi.

Siku ya tatu injini ilikuwa mahali pake, na ikawaka kwa mzunguko wa pili wa hendeli. Baba mkwe alifurahi mpaka akaanza kuimba wimbo wa kanisani. Akapanda kwenye usukani akazitazama geji zake moja moja, kwa sababu alikuwa dereva mwangalifu, akasema hii ya joto mbona haipandi. Nikamjibu nitaitazama. Alipokwenda kula niliichomoa, nikafungua kioo chake, nikausogeza mshale mpaka katikati, pale ambapo dereva hupenda kuuona, nikatia tone la gundi ya mbao, nikarudisha kioo. Nilijiambia tukifika Iringa nitatafuta nyingine na hakuna atakayejua. Aliporudi aliuona mshale, akanishika bega.

"Adelina amepata mume," akasema.

Sitakudanganya. Neno lile lilinichoma kidogo, lakini lilinifurahisha zaidi. Tukaondoka kesho yake, Mzee Ambilikile akiwa bado hajarudi kutoka Makongolosi, na nilishukuru kwamba nitaondoka bila kuulizwa nimemaliza nini.

Mbele walikaa watatu: baba mkwe kwenye usukani, Adelina katikati, mama mkwe mlangoni. Mimi nilipanda nyuma juu ya mizigo. Hata mbele kungekuwa na nafasi ya watu kumi, mimi nisingekaa. Nyuma ya kebini palikuwa na kidirisha kidogo kisicho na kioo, na ujumbe wote ulipita hapo kwa mdomo wa Adelina. Siku ya kwanza hakukuwa na shida. Kutoka Mbeya unateremka kwenda bonde la Usangu, na mteremko haulichoshi lori. Tukaingia Ubaruku kwa rafiki yake baba mkwe, tukapakia magunia ya mchele, tukalala.

Asubuhi, lori halijawashwa, mama mkwe alitangulia kuingia kebini kumtandikia binti yake nguo ya kukalia. Mimi nilikuwa nyuma nafunga turubai. Adelina akaja akashika ubao wa bodi, tumbo mbele, akaniambia mama yake ana swali.

"Anauliza ule mshale unalala saa ngapi."

Nikajifanya sijaelewa. Akanifafanulia. Jana tukiteremka kwenye baridi mshale ulikuwa katikati. Kwenye joto la Usangu ulikuwa katikati. Na leo lori limelowa umande, halina hata harufu ya moto, mshale uko palepale. Mama anasema yeye amepika tangu akiwa msichana na hajawahi kuona sufuria iliyopata moto kabla kuni hazijawashwa.

Mama ambaye hajawahi kushika spana alikuwa ameona kitu ambacho baba mkwe, dereva wa miaka yote ile, hakukiona, kwa sababu dereva hutazama kama mshale umepanda na mama yule alitazama kama umeshuka. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya pili ya kusema. Nikasema hivi: mwambie mama, geji za injini za siku hizi ziko hivyo. Adelina alinitazama kwa muda mrefu. Alinijua yule mwanamke. Halafu akageuka akaenda kupeleka uongo wangu, akitembea polepole kwa ajili ya mimba, na nikasikia mlango wa kebini ukifungwa.

Kutoka Igawa barabara inaanza kupanda kwenda Makambako. Siku zile ilikuwa ya udongo, mwezi wa tatu ina matope, na lori letu lina mchele wa watu. Nusu ya kwanza lilipanda vizuri. Baadaye nikasikia harufu ya rangi inayoungua. Nikajiambia ni breki. Kisha sauti ya injini ikawa nzito, kama mtu anayesema na chakula mdomoni. Adelina akaleta uso kidirishani, jasho linamtiririka, akaniambia sakafu inamchoma, ameweka miguu juu ya kifurushi.

"Mwambie baba asimame," nikasema.

Akageuka, akarudi. Baba anasema mshale uko katikati, ni joto la mlima tu.

Nilipiga paa la kebini kwa ngumi. Baba mkwe akapaza sauti kwamba nijizuie, nitashuka kujisaidia tukifika juu. Mwanangu, leo nacheka, lakini siku ile nilikuwa juu ya magunia yale nalia bila machozi. Mke wangu yumo mle, mtoto wangu yumo mle, na mzee wa watu anakanyaga mafuta kwa sababu ameuamini mshale wangu.

Injini ilisimama yenyewe. Baba mkwe akavuta breki, mimi nikaruka chini nikasukuma jiwe nyuma ya tairi, maana lori lilikuwa linataka kurudi. Nilipozunguka kuja mbele niliwakuta wote watatu wameshuka. Boneti liko juu. Baba mkwe amepanda kwenye bampa, ana kitambaa mkononi, anamweleza mkewe kwamba limepungukiwa maji kidogo, halina moto, mshale si ameuona mwenyewe. Na mkono wake ulikuwa umeshashika kifuniko cha rejeta. Adelina alikuwa amesimama chini yake, karibu kabisa, anashikilia dumu la maji.

Unajua rejeta iliyochemka inavyokuwa ikifunguliwa. Maji yanaruka kama yamepigwa risasi. Yangempata yeye usoni, na yangemshukia Adelina kichwani mpaka tumboni.

"Baba, usifungue!" Nilipiga kelele. "Mshale ni wa uongo. Geji niliivunja Mbeya. Mshale nimeubandika mimi kwa gundi."

Mkono ukaganda juu ya kifuniko. Mama mkwe alimvuta Adelina kwa bega, akamvuta na mumewe kwa koti, wakarudi nyuma wote, na wakati huohuo rejeta ikaanza kulia yenyewe na mvuke ukatoka pembeni ya kifuniko. Hakuna aliyeungua. Narudia kukuambia, hakuna aliyeungua hata unywele, nami nikakaa palepale kwenye matope. Nilifurahi, mwanangu. Nilikuwa nimeaibika mbele ya wakwe zangu, nimepoteza jina langu lote, lakini nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetuliwa gunia.

Baba mkwe alivua kofia akakaa kwenye nyasi. Aliniuliza tangu lini, nikamwambia tangu gereji, yeye akiwa juu ya tairi. Halafu akasema kwa sauti ya chini.

"Nilimpandisha mwanangu humu kwa sababu ya mshale ule."

Angenipiga ingekuwa nafuu kwangu. Ningali nimeinamisha kichwa, nikaona ile miguu yenye kovu imesimama karibu na Adelina, na mama mkwe akaanza kusema na binti yake, kwa sauti ya kunifikia. Alisema alipokuwa msichana alifanya kazi jikoni misheni, akichemsha maji kwenye pipa kubwa la chuma. Maji ya kisima kile yaliacha kitu cheupe kwenye kitako cha pipa, kigumu kama jiwe. Kila mwezi kuni zikawa nyingi zaidi na maji yakachelewa zaidi kuchemka. Wakubwa wakasema ongeza kuni. Siku moja kitako kikapasuka, na kovu la mguu ni la siku hiyo. Akamwambia Adelina aniulize, hii injini kabla ya kuja kwetu ilikuwa inakunywa maji ya wapi.

Adelina hakuhitaji kurudia. Nikajibu: Songwe. Kisha nikaona potelea mbali, nikaanza kutaja kila kitu kama ambavyo ningemtajia Mzee Ambilikile. Kwamba niliambiwa nifungue geji kwanza sikufungua. Kwamba niliambiwa nikwangue njia za maji sikukwangua. Bolti zilinishinda. Vidole vilinichunika nikaacha. Nilitaka waondoke nyumbani kwangu, ndiyo maana nilifanya haraka. Hilo la mwisho lilitoka lenyewe, na nikasikia mtu anacheka kwa pua. Alikuwa mama mkwe.

Tulingoja injini ipoe. Mimi nikatoa spana nikaanza na zile bolti, na bolti zilezile zilizonishinda Mbeya zilifunguka mlimani, kwa kugonga polepole na bila haraka. Ndani kulikuwa kumezibwa. Ukoko mweupe, mnene kama kidole, maji yalibakiwa na kijia cha kupita panzi. Nilikwangua kwa waya mpaka mikono ikatoka damu. Lakini kuna pembe ambazo waya haufiki, na hapo mama mkwe, kupitia kwa Adelina, akasema kule misheni walipopata pipa jipya walikuwa wakiliosha kwa ulanzi, ile pombe ya mianzi, uliochacha, ule uliokuwa mkali mpaka hata mlevi anaukataa.

Chini ya barabara palikuwa na boma lenye mianzi mingi, na ulikuwa msimu wa kugema. Nilishuka na madebe mawili. Mwenye boma, mzee wa Kibena, mcheshi, alinipa ulanzi wa kumwaga aliokuwa nao, ila aliniuliza ni wa nini, nami nikamwambia ni wa lori. Akataka kujua lori letu ni la dhehebu gani. Tulimimina ulanzi kwenye rejeta, tukawasha injini ikatulia na ule mchachu ndani, tukafungua koki ya chini. Ilitoka povu, yakatoka maji meupe kama ya kuoshea mchele, vikatoka vipande kama kucha. Tukarudia mpaka madebe yakaisha, tukasuuza kwa maji ya mto. Baba mkwe mwenyewe alibeba maji. Alikuwa bado hasemi na mimi, lakini alikuwa ananipokea ndoo.

Kabla hatujaondoka niliifungua geji mbele yake, nikakwangua gundi, mshale ukaanguka chini. Nikasema nitaitoa kabisa. Akanikatalia, akasema uache hapo ulipoanguka, maana ukiwa chini haumdanganyi mtu. Kila baada ya kilima tulisimama. Nilikuwa nikishika kwa mkono mpira wa maji wa juu na kuhesabu, nikifika tano bila kuuachia, tunaendelea. Ndivyo tulivyopanda, kama watu wanaomtembeza mgonjwa, na lori halikuchemka tena.

Tulipofika Makambako jua bado liko juu. Nilikuwa nimeinama mbele ya lori nashika ule mpira, nikahesabu mpaka tano, mpaka kumi, mpaka kumi na tano. Ulikuwa wa vuguvugu tu. Nikaona ile miguu imekuja ikasimama mbele yangu. Nikataka kuchepuka, desturi ni desturi, lakini haikuondoka.

"Kamwene, mkwe wangu," akanisalimu.

Mtoto alikuwa bado hajazaliwa. Nikainua macho kidogo, nikaona uso mwembamba, macho madogo ya kuchekacheka, kumbe ni macho ya Adelina.

"Kamwene, mama," nikajibu.

"Nilikuwa ningoje mpaka mtoto azaliwe," akasema. "Lakini mjumbe wetu amechoka, ana mimba. Kuanzia leo nikikuuliza kitu, unijibu mwenyewe."

Nililia, mwanangu, palepale mbele ya watu waliokuwa wakiuza mahindi ya kuchoma. Nililia kwa raha. Baba mkwe akanunua mahindi manne, akanipa langu mkononi, na tukala sote wanne tumeegemea lori moja. Kesho yake tuliingia Kihesa, na wiki tatu baadaye Adelina akajifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye kelele. Huyo ndiye shangazi yako mkubwa.

Niliporudi Mbeya, Mzee Ambilikile alikuwa ameshatoka Makongolosi. Aliniuliza nimemaliza nini. Nikamtajia yote, la geji, la mawe, la gundi, mpaka la ulanzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kuna kingine, nikasema hakuna. Akanipa spana akaniambia kuna gari linangoja. Toka siku ile sikuichukia tena tabia yake, na mimi mwenyewe nilipokuja kuwa na gereji niliwauliza vijana wangu vilevile, nao wakanichukia vizuri tu.

Sasa nasaha zangu ni hizi. Utavunja vitu. Mikono inayofanya kazi inavunja, hakuna fundi, wala mwalimu, wala mzazi asiyevunja. Ukivunja, sema saa hiyohiyo, kabla mtu hajakiweka kitu kile mbele ya macho yake na kukiamini, kwa sababu akishakiamini atawapandisha humo watu anaowapenda. Ukiagizwa kukwangua, kwangua, hata kama maji yanapita. Na usimdharau anayekuuliza swali akiwa hajui kazi yako. Mama mkwe wangu hakuwahi kujua jina la kifaa hata kimoja, lakini mpaka anakufa, kila akija kwangu, kabla ya kuketi aliniuliza mshale unalala, na mimi nikamjibu unalala, mama.

Nenda, mwanangu, jioni inakuja na mama yako anakungoja. Mungu aibariki mikono yako na vyote itakavyovishika. Akupe mtu wa kukaa karibu nawe na kukuuliza mshale wako unalala saa ngapi, na siku hiyo ikifika, akupe mdomo wa kumjibu ukweli kabla lori halijaanza mlima.